Halijoto ya Kipimo na Halijoto ya Kichupa: Ulinganishaji wa Vipimajoto vya Chanjo katika Makazi ya Oruchinga na Nakivale

Mtoto aliyepewa chanjo iliyoharibika huandikwa kuwa amechanjwa, ilhali hana kinga ya kutegemewa. Katika makazi ya wakimbizi ya Oruchinga na Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, kama kwingineko, hatari hiyo hutegemea swali moja: je, kipimajoto cha jokofu husema kweli?

Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Chanjo za pepopunda na homa ya ini aina ya B hupoteza nguvu zikiganda, wala kuziyeyusha hakurejeshi nguvu hiyo. Kwa hiyo kosa la nyuzi mbili au tatu si dogo.

Kosa hilo lina vyanzo viwili. Cha kwanza ni kifaa chenyewe. Hiki hubainishwa kwa kutumbukiza kihisi katika mchanganyiko wa barafu iliyopondwa na maji safi, ambao hukaa kwenye nyuzi 0. Maji yanayochemka hayafai kuchukuliwa kuwa nyuzi 100: Mbarara, iliyo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95.

Chanzo cha pili ni mahali. Kihisi hupima halijoto ya pale kilipo. Kichupa kinachogusa ukuta wenye barafu kinaweza kuganda huku kipimo kikionyesha usalama.

Tatizo hilohilo limo katika maabara za resonansi ya sumaku ya viini vya atomu katika yabisi. Sampuli huzungushwa kwa kasi kubwa na kupashwa moto na msuguano, ilhali kihisi kiko nje, katika mkondo wa gesi. Watafiti huweka nitrati ya risasi mahali pa sampuli. Mawimbi ya viini vya risasi huhama takriban sehemu 0.75 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, na hivyo dutu yenyewe huwa kipimajoto.

Funzo kwa sera ni kwamba kununua majokofu hakutoshi. Kila kipimajoto kikaguliwe kwa barafu mara kwa mara, tofauti yake iandikwe, na kihisi kiwekwe ndani ya kichupa cha kimiminika katikati ya chanjo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinaweza kufikiriwa kuwa mahali pa kutunzia kipimajoto cha rejea cha eneo hilo.