Kompyuta ya Gemu: Ununue Iliyo Tayari Dukani au Uundiwe na Fundi? Jua Unalipia Nini Kabla ya Kuweka PIN

Wateja wetu wa Umoja, Donholm, Kayole na Buruburu hutuuliza swali hili mara kwa mara: "Nimeweka akiba, nataka kompyuta ya mezani ya kucheza gemu. Ninunue iliyo tayari, au nimpe fundi aniundie?" Wengine wanataka Valorant na Counter-Strike 2 nyumbani. Wengine wanataka kufungua cyber ya gemu mtaani, ambapo kila mashine inayolala ni pesa inayopotea.

Sisi hatuuzi kompyuta. Kazi yetu ni malipo. Lakini malalamiko mengi yanayotufikia kuhusu ununuzi wa aina hii huanza hapo hapo kwenye malipo: pesa imetoka, mashine haifanyi kazi, na mnunuzi hajui amrudie nani. Kwa hivyo katika makala haya tunaeleza tofauti za njia hizi, halafu tunaonyesha jinsi ya kulipia kila moja bila kujiweka hatarini.

Jibu fupi

Kama unataka mlango mmoja wa kugonga mashine ikiharibika, nunua iliyo tayari. Kama unataka nguvu zaidi kwa pesa ile ile, na una muda wa kufuatilia, jengewa. Na kama mfuko ni mdogo, kuna njia ya tatu ambayo wengi wa Eastlands huitumia: kompyuta ya ofisi ya ex-UK iliyoongezewa kadi ya grafiki. Kila njia ina mtego wake.

Kwanza, ni nini hasa kinachocheza gemu?

Usiruhusu mtu akuuzie taa za rangi. Sehemu zinazofanya kazi ni hizi:

- Kadi ya grafiki (GPU). Hii ndiyo huchora picha unazoona. Kwa gemu nyingi, hapa ndipo pesa yako kubwa inafaa kwenda.
- Prosesa. Ubongo wa mashine. Core i5 au Ryzen 5 ya miaka ya karibuni hutosha watu wengi.
- RAM. GB 16 ni kiwango kizuri. Vipande viwili vya GB 8 hufanya kazi vizuri kushinda kipande kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja.
- SSD. Hifadhi yenye kasi. Gemu siku hizi ni nzito: GTA V peke yake huchukua zaidi ya GB 100. SSD ya GB 256 itajaa haraka sana.
- Pawa saplai. Sanduku linalogawa stima ndani ya mashine. Watu huipuuza, na ndiyo mara nyingi huamua kama utaweza kuongeza nguvu baadaye.

Ukisikia "hii ni Core i7, inacheza kila kitu," uliza swali moja: ina kadi gani ya grafiki? Core i7 ya zamani isiyo na kadi ni mashine nzuri ya kuandikia barua.

Njia ya 1: Iliyo tayari dukani

Unaingia duka la Moi Avenue au Luthuli Avenue, unaiona ikiwaka, unalipa, unabeba. Faida kubwa ni kwamba kuna risiti moja na waranti moja. Ikizima baada ya wiki mbili, hakuna kubishana kama ni RAM au ni bodi mama. Unarudisha mashine nzima kwa aliyekuuzia. Mara nyingi pia huja na leseni halali ya Windows.

Ubaya? Unalipia kazi ya kuunganisha na faida ya duka. Pia baadhi ya mashine hupambwa mbele na kubanwa nyuma: kadi nzuri, lakini pawa saplai hafifu na kipande kimoja cha RAM. Omba orodha ya kila sehemu kwa jina na modeli. Muuzaji akikuambia "ni ya gaming tu, usijali," basi hapo ndipo pa kuanza kujali.

Njia ya 2: Kuundiwa na fundi

Hapa unachagua kila kipande mwenyewe. Unaweza kuanza na kidogo na kuongeza pole pole. Mfano mzuri ni prosesa ya Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021. Ina uwezo wa grafiki ndani yake, kwa hivyo unaweza kucheza gemu nyepesi kama Valorant bila kadi, halafu ununue kadi mwakani ukipata chapaa. Lakini hilo litawezekana tu kama pawa saplai na kasha ulilonunua mwanzoni vina nafasi ya kadi hiyo.

Mtego wa njia hii ni kwamba kila kipande kina waranti yake, kutoka kwa duka lake. Mashine ikikataa kuwaka, mwenye bodi mama atasema ni RAM. Mwenye RAM atasema ni fundi. Fundi atasema ni stima ya kwenu. Wewe unabaki katikati na matatu za kwenda tao na kurudi. Ndiyo maana fundi unayemchagua anafaa kukubali kwa maandishi kwamba yeye ndiye atatafuta tatizo, angalau kwa muda mliokubaliana.

Kumbuka pia Windows. Ukiundiwa mashine mpya, leseni haimo. Itie kwenye bajeti, au utumie Linux ambayo ni ya bure, lakini hakikisha kwanza kama gemu yako inakubali. Valorant, kwa mfano, haichezwi kwenye Linux.

Njia ya 3: Ex-UK na kadi

Hizi ni kompyuta zilizotumika ofisini ng'ambo, hasa Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Ni imara, bei yake ni nafuu, na nyingi zina leseni ya Windows iliyohifadhiwa ndani ya bodi yenyewe. Unaongeza RAM, SSD na kadi, na unacheza. Lakini kabla ya kulipa, angalia mambo manne:

1. Ukubwa. Zile nyembamba hukubali kadi fupi tu. Kadi ya kawaida haitaingia hata ukisukuma. Kama unaweza, tafuta yenye umbo la mnara.
2. Wati. Nyingi za hizi nyembamba zina pawa saplai ya karibu wati 200. Sloti ya kadi hutoa wati 75 kwa juu zaidi. Kadi kama GTX 1650 hutumia wati 75, na zipo modeli zisizohitaji waya wa ziada. RTX 3060 hutumia wati 170, na mtengenezaji hupendekeza pawa saplai ya wati 550. Hiyo usijaribu hapa.
3. Pawa saplai za kipekee. Dell na HP mara nyingi hutumia maumbo na plagi zao wenyewe, kwa hivyo huwezi kununua pawa saplai yoyote tu na kubadilisha.
4. Umri. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 huhitaji TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Namba "i5-6500" maana yake ni kizazi cha 6. "i5-8500" ni cha 8. Tofauti ya bei inaweza kuwa ndogo, lakini tofauti ya maisha ya mashine ni kubwa.

Jihadhari na kadi za mitumba

Mnamo Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo mchana na usiku zikaingia sokoni duniani. Kadi kama hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni na mafuta yake ya kupoza huenda yamechoka.

Tatizo baya zaidi ni kadi feki: kadi ya zamani iliyobadilishwa programu ili ijitambulishe kama mpya zaidi. Pakua GPU-Z, ambayo ni ya bure, na uifungue kwenye mashine kabla ya kulipa. Ikigundua kadi ya aina hiyo, huandika neno "FAKE" mbele ya jina. Halafu cheza gemu halisi kwa nusu saa, si dakika mbili. Picha zikikatika, mashine ikijizima au feni ikinguruma kama posho mill, shukuru Mungu na uondoke.

Gharama ambazo watu husahau

Tuseme una KSh 50,000, na mashine inauzwa 45,000. Unaona umebakisha 5,000. Sasa ongeza skrini 8,000, kibodi na mausi 2,000, na UPS 6,000. Jumla ni 61,000. (Bei hizi ni za mfano tu; tembelea maduka matatu upate za wiki hii.) Umepungukiwa na 11,000, na mashine iko nyumbani bila skrini.

UPS si anasa mtaani kwetu. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, SSD na pawa saplai ndizo huumia. Kama UPS imeshinda mfuko, anza angalau na kinga ya kudhibiti stima kama ile ya friji au televisheni.

Tokeni nazo je? Mashine inayovuta wati 300 kwa saa 4 kila siku hutumia yuniti 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya nyumbani ni ya wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi. Kwa hivyo gemu peke yake inaweza kukutoa kwenye kundi hilo, na kila yuniti nyumbani kwako ikapanda bei.

Sasa malipo: hapa ndipo tunakuomba usome pole pole

*Ujumbe wa malipo unathibitisha kwamba pesa imetoka. Hauthibitishi ulinunua nini.* Ukienda kulalamika na SMS pekee, una ushahidi wa KSh 45,000, si ushahidi wa RTX au GTX. Kwa hivyo:

- Ukinunua iliyo tayari: lipa kwa till au Paybill ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukiambiwa "till iko down, tuma kwa namba yangu," tulia. Subiri till irudi au ulipe kwa njia nyingine ya duka hilo. Risiti ionyeshe modeli, namba za siri za sehemu kuu na muda wa waranti.
- Ukiundiwa: usimpe fundi pesa yote mkononi. Nenda naye, au mpigie simu ukiwa dukani, na ulipe kila duka wewe mwenyewe ili risiti iwe na jina lako. Kazi ya fundi ilipe kando: arbuni kidogo mwanzoni, na salio baada ya mashine kucheza gemu yako mbele ya macho yako.
- Ukinunua ya mitumba mtandaoni: usitume arbuni ya "kukuwekea." Kutana mahali pa watu wengi penye stima, ijaribu, ndipo ulipe.
- Kuhusu kukopa: mkopo wa simu wa siku 30 haufai kununua kitu cha miaka mitano. Ada zitaanza kukimbia kabla hujamaliza kupakua gemu.

Wengi hudhani wanaweza kurudisha muamala mashine ikiwa mbovu. Huduma hiyo imewekwa kwa pesa iliyotumwa kimakosa, kwa mfano ukikosea namba. Haiwezi kuamua ugomvi kati yako na muuzaji kuhusu ubora wa kadi.

Kwa ugomvi huo una njia nyingine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani Aprili 2021, husikiza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Hapo risiti yenye modeli na namba ni silaha. SMS peke yake ni nusu ya hadithi.

Uchague ipi basi?

Unafungua cyber: nunua zilizo tayari, au mpe fundi mmoja kazi yote kwa mkataba. Siku moja mashine ikilala, hasara ni yako. Unacheza nyumbani na unapenda kujifunza: jengewa, na uwekeze kwenye pawa saplai nzuri. Mfuko ni mwepesi: ex-UK ya umbo la mnara, kizazi cha 8 au zaidi, na kadi isiyohitaji waya wa ziada.

Na ukishainunua, kabla hujapanda matatu ya Buruburu, laza kasha ubavu ili kadi isining'inie ikikatika njiani kwenye matuta. Risiti zote zipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu wino wake hufifia haraka kushinda waranti.