Kocha wako: anakujenga au anakuvunja moyo?

Je, ukisikia filimbi ya kocha, unachangamka au tumbo linakukata?

Huenda unajiandaa kwa UMISSETA, unapanda vilima vya Ngaramtoni au Tengeru kila asubuhi, ukiota siku ya kukimbia uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mazoezi yanajenga miguu. Lakini maneno ya kocha nayo yanajenga akili yako, au yanaibomoa.

Kocha wa vitisho
Anakutukana mbele ya wenzako. Ukikosea, adhabu. Kweli, timu yake huweza kushinda. Lakini mchezaji mwenye woga huwaza kosa badala ya mchezo. Misuli inakaza, usingizi unapotea, na wengine huishia kuacha kabisa mchezo walioupenda.

Kocha anayejenga
Usidhani huyu ni mpole tu. Naye anadai bidii! Ila anaeleza sababu ya zoezi, anasifu juhudi hata ukishindwa, na ukikosea anakuonyesha namna ya kurekebisha.

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo kuhusu watoto wa Seattle waliocheza besiboli. Kwa makocha wa kawaida, watoto 26 katika kila 100 hawakurudi msimu uliofuata. Kwa makocha waliofundishwa kutia moyo, ni 5 tu. Na siyo kwamba timu zao zilishinda zaidi.

"Lakini mbona Akhwari alivumilia?"
Makocha wengi hupenda mfano huu. Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Akamaliza akichechemea, wa 57 na wa mwisho. Ni shujaa wetu. Ila kumbuka: alikuwa mtu mzima, na hakuwa anakimbia kiboko. Uvumilivu unatoka ndani. Kukimbizwa na goti bovu kwa kuogopa matusi ni kitu kingine, jamani.

Ufanye nini?
• Ongea naye baada ya mazoezi, mkiwa mmetulia, siyo mbele ya timu. Sema kwa heshima: "Mwalimu, ukinielekeza pembeni naelewa haraka zaidi." Makocha wengi wanafundisha walivyofundishwa wao, wengine watakusikia.
• Ukiumia, sema siku hiyohiyo. Siyo uvivu.
• Mwenzako akitukanwa, usicheke. Mtie moyo.
• Kocha akikupiga, akikushikashika, au akidai ngono ili akupe namba kwenye timu, hilo siyo suala la ufundishaji tena. Siyo kosa lako. Mwambie mzazi, matroni au mwalimu unayemwamini, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure.

Medali ni nzuri. Lakini ukimaliza shule, afya ya akili yako ndiyo utakayoondoka nayo. Ilinde.