Amekula hela yako? Usikimbilie polisi!

Jamani, nililizwa! Mshikaji wangu wa damu, tuliyekua naye mtaa mmoja hapa Dar, aliniomba laki 8 za mtaji wa mitumba. "Mwezi mmoja tu," akaapa. Ukapita mwaka. Nikipiga simu hapokei, tukikutana anakata kona kama hanijui.

Kwa hasira nikatinga kituo cha polisi: "Mkamateni!" Afande akanisikiliza, akacheka.

"Kijana, alikuibia au ulimpa mwenyewe? Hilo la madai. Nenda mahakamani."

Hapo nikapata shule. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri na mtuhumiwa, mwisho wake adhabu. Ya madai ni yako wewe: deni, mkataba uliovunjwa, hata kuchafuliwa jina. Unachotafuta ni ulipwe. Na huambiwi uthibitishe pasipo shaka. Inatosha hakimu aone maelezo yako yana uzito kuliko ya mwenzako.

Lakini msomaji wangu, usikurupuke. Jiulize mambo matatu.

Kwanza, ushahidi unao? Mimi nilikuwa na meseji zake akikiri deni. Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, meseji nazo zinaweza kupokelewa mahakamani.

Pili, muda bado upo? Kwa kawaida madai ya mkataba yana miaka 6, ya kuchafuliwa jina miaka 3. Ukilala, imekula kwako.

Tatu, huyo mtu anacho cha kulipa? Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukishinda, hakimu hakupi noti mkononi. Mdaiwa akigoma, unaomba hukumu ikaziwe, mali yake ikamatwe iuzwe. Unaweza hata kuomba afungwe kama mfungwa wa madai, lakini loh! Gharama za kumlisha huko ndani unalipa wewe mdai.

Mshikaji wangu alikuwa na genge la mitumba linalotembea, basi nikaenda Mahakama ya Mwanzo. Sikuwa na wakili. Nilieleza madai yangu, yakaandikwa, nikalipa ada. Samansi ilipomfikia, simu yangu ikaita yenyewe!

Tukakubaliana mbele ya hakimu alipe mara nne. Tatu zimeshaingia mfukoni.

Urafiki wetu je? Huo ndio sijui utakaziwa na mahakama gani.