Haggis Imebaki, Matumbo Yametoweka

Haggis, chakula kinachohesabiwa kuwa cha taifa la Uskoti, hutengenezwa kwa moyo, maini na mapafu ya kondoo. Nyama hizo huchemshwa na kusagwa, kisha huchanganywa na vitunguu, oti zilizosagwa chenga, mafuta magumu yanayozunguka figo, chumvi, na pilipili manga isiyofanyiwa ubahili. Mchanganyiko huo hushindiliwa ndani ya tumbo la kondoo lililosafishwa, likafungwa na kuchemshwa kwa saa kadhaa. Siku hizi watengenezaji wengi hutumia mfuko wa kiwandani badala ya tumbo. Aliyewahi kula mutura jijini Nairobi hayuko mbali na picha yenyewe, ila haggis haitiwi damu wala haichomwi makaani, na zile oti huipa chengachenga mdomoni.

Chanzo cha chakula cha namna hii si kigumu kukielewa. Mnyama akishachinjwa, paja linaweza kutiwa chumvi na kuwekwa, lakini mapafu na maini huharibika upesi. Tumbo lilikuwa chungu kilichokuja pamoja na nyama yenyewe. Kwa hiyo wazo hilo halikuwa la Waskoti peke yao. Maelezo ya kupika haggis yamo katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa kaskazini mwa Uingereza, eneo la Lancashire, mnamo mwaka 1430 hivi, na mwaka 1615 mwandishi Gervase Markham bado aliitaja haggis kama chakula kinachopendwa na Waingereza. Jambo hili Waskoti wengi hawafurahii kukumbushwa.

Aliyeifanya haggis iwe mali ya Uskoti ni mshairi. Mwaka 1786 Robert Burns alitunga shairi la kuisifu haggis, akakidhihaki chakula cha Kifaransa na kukipa heshima kile cha mkulima. Burns alifariki mwaka 1796. Miaka mitano baadaye rafiki zake walikutana Alloway, katika nyumba alimozaliwa, wakala haggis na kusoma shairi hilo. Tangu hapo karamu ya Burns imeenea kila wanakoishi Waskoti, na hufanyika tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa mwaka 1759. Haggis huingizwa ukumbini kwa mlio wa zumari la mfuko, msomaji hulighani shairi hilo beti kwa beti, na anapofika mahali pake huipasua haggis kwa kisu. Huliwa pamoja na viazi na tanipu za manjano zilizopondwa, wiski ikiwa karibu. Tangu mwaka 1984 ipo hata haggis ya wasiokula nyama, iliyojaa kunde na mbegu, nayo huuzwa vizuri. Wenyeji nao hawaachi kuwadanganya watalii kwamba haggis ni mnyama wa milimani mwenye miguu mifupi upande mmoja, ili asianguke anapozunguka mteremko.

Matumbo ya ng'ombe hayakupata mshairi. Katika miji ya viwanda vya pamba ya Lancashire, maduka ya matumbo yalikuwa kila mtaa, na baadhi yalikuwa na ukumbi wa kulia wenye meza zilizotandikwa vitambaa. Matumbo yaliuzwa yakiwa yameshachemshwa na kung'arishwa hadi kuwa meupe. Mwanamke aliyetoka kiwandani jioni alihitaji tu kuyapasha moto kwa maziwa na vitunguu, au kuyala baridi kwa siki na chumvi. Lakini jina la matumbo lilishikamana na umaskini. George Orwell, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu mji wa Wigan, alieleza nyumba ya wapangaji iliyokuwa juu ya duka la matumbo, na uchafu alioueleza hauwezi kumtia mtu hamu. Ikaja Vita ya Pili ya Dunia. Nyama iliuzwa kwa mgao kuanzia 1940 hadi 1954, lakini nyama nyingi za ndani hazikuhesabiwa katika mgao huo, zikawa kimbilio. Mgao ulipokwisha, watu walizikimbia kama kumbukumbu ya dhiki. Maini magumu ya chakula cha shule yalimalizia kazi.

Nyama za ndani zilizosalimika bila msaada wa ushairi ni zile zilizojificha. Figo imebaki ndani ya pai, ikichanganywa na vipande vya nyama ya ng'ombe. Damu, mara nyingi ya nguruwe, imebaki ndani ya soseji nyeusi, inayokaangwa na kuliwa asubuhi pamoja na mayai. Soseji hiyo ina mashabiki wakubwa Bury, mji uliokuwa sehemu ya Lancashire, na Stornoway, katika visiwa vya magharibi mwa Uskoti. Jina la soseji ya Stornoway linalindwa kisheria.

Pigo jingine lilitokana na ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Mwaka 1989 serikali ilipiga marufuku kuliwa kwa ubongo, uti wa mgongo, bandama na baadhi ya viungo vingine vya ng'ombe, na mwaka 1996 ikatangaza kwamba huenda ugonjwa huo uliwafikia binadamu kupitia chakula. Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1994, mpishi Fergus Henderson na wenzake walifungua mgahawa wa St. John jijini London, jirani na soko la nyama la Smithfield. Hoja ya Henderson ni kwamba aliyemuua mnyama ana wajibu wa kumla mzima. Uboho uliookwa ndani ya mfupa ukawa chakula cha kutamaniwa na watu wenye fedha.

Hata hivyo, jikoni kwa Mwingereza wa kawaida hali haijabadilika sana. Matumbo, makongoro na kwato huuzwa zaidi katika mabucha yanayowahudumia wahamiaji kutoka Afrika, Karibi na Asia. Sehemu kubwa ya nyama za ndani zinazotoka machinjioni hupelekwa nje ya nchi, au huishia katika chakula cha mbwa na paka.