Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndio Ngoma: Nguzo ya Kiti Yenye Kupanda na Kushuka



Aghalabu kurasa za kitabu chetu hiki hujaa habari za arusi, za waliozaliwa na za waliotangulia mbele ya haki. Mwaka huu nimeomba nafasi niandike juu ya chuma: nguzo ya kiti cha baiskeli yenye kupanda na kushuka, na jinsi inavyofungwa katika baiskeli ya umeme. Msicheke. Katika jamaa zetu hapa Uingereza nawajua wazee wanne walioacha baiskeli, na hapana hata mmoja aliyeiacha kwa kushindwa kuiendesha. Wote waliiacha kwa kushindwa kuipanda na kuishuka. Na mzee akiacha baiskeli, huanza kukaa dirishani akisubiri mtoto aje na motokaa ampeleke msikitini.

Tatizo lenyewe ni hili. Kiti kikiwa chini sana, goti hukunjika mno kila pedeli inapozunguka, na mwenye magoti ya uzee huumia. Kwa hiyo kiti yatakiwa kiwe juu, hata mguu ukaribie kunyooka pedeli inapofika chini. Lakini kiti kikiwa juu hivyo, ukisimama kwenye taa za barabarani huifikii ardhi ila kwa ncha ya kidole. Kijana hujiinua mbele akateremka; mzee mwenye nyonga mbovu hawezi. Kaka yangu mkubwa alianguka namna hiyo mwaka juzi, baiskeli imesimama kimya. Baiskeli ya umeme ina uzito wa kilo 20 hadi 25, pengine zaidi. Ikishaanza kulala upande, mguu mmoja hauizuii. Alitoka na mkono uliovimba, akaiweka baiskeli bandani.

Dawa yake ilitengenezwa kwa watu wengine kabisa. Wapanda milima walitaka kiti kishuke wanapoteremka mtelemko mkali, kisha kipande tena bila ya wao kusimama. Kwa miaka mingi nguzo hii ilijulikana zaidi milimani, na mwaka 2022 Matej Mohorič wa Slovenia aliitumia katika baiskeli ya barabarani akashinda mashindano ya Milano–San Remo. Mimi nasema mwenye haki nayo zaidi ni mzee anayesimama kwenye taa.

Kazi yake ni nyepesi kueleza. Nguzo ni bomba mbili, moja ndani ya nyingine, na ndani yake mna hewa iliyoshindiliwa na kifungio. Kwenye usukani kuna kibonyezo cha kidole gumba. Ukikibonyeza huku umekaa, kiti hushuka kwa uzito wako. Ukikiachia, kiti hubaki pale pale. Ukikibonyeza tena huku umejiinua kidogo, kiti hupanda chenyewe. Baina ya kibonyezo na nguzo kuna waya ndani ya ala yake, kama waya wa breki. Zipo pia nguzo zisizo na waya kabisa, zenye betri yake ndogo, lakini bei yake ni kubwa.

Kabla ya kununua, pima vitu vitatu. Kwanza ni kipenyo cha nguzo ya zamani. Mara nyingi kimechapwa juu yake, mathalani 27.2, 30.9 au 31.6, nazo ni milimita. Pili ni urefu kutoka pete ya kubana hadi vyuma vya chini ya kiti, kiti kikiwa katika kimo chako cha kuendeshea. Tatu, na hapa ndipo baiskeli ya umeme inapotofautiana na nyingine, ni kina cha bomba la fremu ambamo nguzo huingia. Ikiwa mota iko katikati, penye pedeli, hukaa chini ya bomba hilo, na nguzo ndefu pamoja na mkunjo wa waya wake yaweza kukosa nafasi. Ingiza kijiti polepole mpaka kigote, kitie alama, kisha ukipime. Kwa kaka tulichagua nguzo ya kushuka milimita 125, tukabakiwa na nafasi ya kutosha.

Nilifanya kazi hiyo pamoja na mjukuu wangu. Tulizima umeme, tukatoa betri, ndipo tukashika spana. Fremu ilikuwa na tundu la waya karibu na shingo, lakini mjukuu aliona njia ya kupita betri na mota ni nyembamba.

Akaniuliza, “Babu, kwa nini tusitoboe tundu dogo hapa juu?”

Nikamjibu, “La, mjukuu wangu. Fremu haitobolewi. Itapoteza nguvu, na dhamana ya kiwanda itakufa hapo hapo.”

Tulifungua mfuniko wa mota, tukalegeza boliti zake kama kitabu cha baiskeli kilivyoelekeza, tukaishusha kidogo. Tukapitisha uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, huku tukiuvuta kwa sumaku kutoka nje. Alumini haishikwi na sumaku, kwa hiyo fremu haikutuzuia. Uzi ulipotokea juu penye kiti tuliufunga kwenye ala ya waya, tukaivuta taratibu, huku tukiangalia nyaya za mota zisibanwe. Hapo ndipo pa hatari: waya wa mota ukikatika, gharama yake hupita ya nguzo.

Kuiingiza nguzo kunataka watu wawili. Mmoja huishusha, mwengine huvuta ala upande wa usukani kwa mwendo ule ule. Vinginevyo ala hujikunja ndani, nguzo ikakwama. Kabla ya kukata ala, zungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho uhakikishe inatosha. Pete ya kubana usiikaze kwa hasira. Fuata nguvu iliyoandikwa, kwani ikikazwa mno nguzo hugoma kupanda. Mwisho, rekebisha mkazo wa waya mpaka kiti kisimame imara na kibonyezo kisiwe kigumu.

Baada ya hapo huduma yake ni kuifuta nguzo vumbi na matope, na kutoinyanyua baiskeli kwa kukamata kiti kilichoshuka, maana nyingi katika nguzo hizi huharibika kwa hivyo. Asiyezoea spana ampelekee fundi anayejua baiskeli za umeme, hasa ikiwa mota yataka kushushwa, hapana aibu. Sheria nayo haibadiliki: hapa Uingereza baiskeli ya umeme yenye mota isiyozidi wati 250, na msaada unaokoma maili 15.5 kwa saa, haihitaji leseni, na nguzo haigusi hayo.

Kaka sasa hushusha kiti kabla hajafika kwenye taa, akakanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Ijumaa hutangulia msikitini kabla yetu sisi wenye motokaa.

Enyi vijana, mnapotaka kuwanunulia wazazi wenu zawadi, msikimbilie kiti cha sebuleni. Tazameni kwanza ni kitu gani kimemzuia mzee kutoka, kisha mkiondoe. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Basi tuwarahisishie wazee wetu kushuka, kupanda watapanda wenyewe.

Wabillahi tawfiq.