Ndoo ni Ndoo

Marehemu baba alivua dagaa mchele kaskazini mwa Unguja, kwa karabai, siku za giza tu. Mwezi ukishang'ara, dagaa hawaifuati taa. Alfajiri mama alikuwa tayari na sufuria la maji ya chumvi motoni. Nikiuliza wamepata ngapi, nilijibiwa kwa ndoo. Za mwaka mzima hakuna aliyezihesabu.

Dunia huhesabu kwa tani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, samaki wa baharini wanaovuliwa ni kama tani milioni 80 kila mwaka. Mwaka 1996 walipita milioni 86. Ukiitazama jumla hiyo peke yake, utadhani bahari imetulia. Lakini Japani ilivua zaidi ya milioni 11 mwaka 1984, na leo inapata karibu milioni 3. China imepanda hadi juu ya nchi zote. Aliyepanda amemfunika aliyeanguka.

Peru ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu anchoveta wao ni jamaa wa dagaa mchele wetu. Mwaka 1970 walivua takriban tani milioni 12 za samaki huyo mmoja, na wengi wao hawakuliwa na mtu: walisagwa unga wa kulisha kuku na nguruwe. Mwaka 1972 ikaja El Niño. Maji ya joto yakatanda juu, yale ya baridi yenye rutuba yakashindwa kupanda kutoka kilindini, samaki wakakosa chakula. Na nyavu zilikuwa zimeshakomba wazazi. Mwaka 1973 hawakufikisha tani milioni 2. Ilichukua miaka mingi kuinuka, na siku hizi Peru hufunga maeneo ya uvuvi samaki wachanga wakizidi nyavuni.

Kanada ilichelewa zaidi kufunga. Mwaka 1992 ilipofunga uvuvi wa samaki aina ya kod huko Newfoundland, watu wapatao 30,000 walipoteza kazi.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye diko letu. Bwana Diko, msimamizi wa pale, akanifunulia daftari lake: safu ya vyombo, safu ya ndoo, safu ya bei.

"Na wachanga mnawaandika wapi?"

"Ndoo ni ndoo, mwanangu."

Nilichukua dagaa mmoja kwenye ndoo iliyokuwa karibu nikamlaza kidoleni. Hakufika kifundo cha pili.