Vipimo Havioni Kitu, Nami Naumia

Watu wengi wakienda hospitali huomba wasikutwe na ugonjwa. Sisi wenye maumivu yasiyojulikana huomba tukutwe nao, ili tuaminiwe.

Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, kandokando ya mji wa Iringa. Maumivu yalinianza kiunoni baada ya kujifungua mtoto wa mwisho, yakapanda mabegani, yakashuka magotini. Nilishindwa hata kukamua nguo. Nilipimwa damu na mkojo, nikapigwa picha. Nikapanda basi kwenda kwetu Mbeya, nikapimwa upya. Jibu lilikuwa lile lile: "Mama, hatuoni kitu." Mhudumu mmoja akasema ni mawazo tu.

Nyumbani maneno yakaanza. Mama mkwe alisema wake wa siku hizi hawataki jembe. Jirani akaninong'oneza kwamba nimerogwa, akanielekeza kwa mganga. Mume wangu alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko mgongo.

Ugonjwa huwepo kabla ya jina

Mwaka 1952, huko Newala, kusini mwa nchi yetu, watu walishikwa na homa na maumivu makali ya viungo. Ugonjwa wao haukuwamo katika vitabu vya madaktari. Jina lake, chikungunya, limetoka katika Kimakonde, nalo linaeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Baadaye wataalamu walikigundua kirusi chake. Je, kabla ya hapo wagonjwa wale walikuwa wakijisingizia? Hata kidogo!

Siku hizi madaktari wanafahamu kwamba maumivu yanayozidi miezi mitatu yanaweza kuwa ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani limeyaweka hivyo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mishipa ya fahamu hufanana na mbwa mlinzi aliyezoea kubweka: mwizi ameshaondoka, yeye bado anabweka. Picha haiwezi kuonyesha kelele hiyo, lakini mgonjwa anaisikia usiku kucha.

Usikate tamaa ya kutafuta

Hata hivyo, usikubali haraka kwamba hakuna chanzo. Homa ya brusela, inayoweza kupatikana kwa kunywa maziwa mabichi, huleta maumivu ya mgongo na viungo na ni rahisi kupitwa. Kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo. Maumivu makali ya hedhi huweza kutokana na utando kama ule wa mfuko wa uzazi kuota nje yake, na mara nyingi kipimo cha ultrasaundi hakiuoni. Ukipata homa, ukikonda, ukifa ganzi miguuni au ukishindwa kuzuia haja, rudi hospitali upesi.

Jihadhari pia na vidonge vya dukani. Diklofenaki ya kila siku bila ushauri huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Na daktari akikupa kidogo dawa inayotumika pia kwa wagonjwa wa sonona, usidhani amekuona mwendawazimu. Baadhi ya dawa hizo hutuliza mishipa ya fahamu.

Siku mume wangu alipokuja

Mabadiliko yalianza siku mume wangu alipokubali kufuatana nami kliniki. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, ninakuamini." Mume wangu aliinamisha kichwa. Njiani akaniambia, "Mke wangu, nisamehe. Nilidhani umenichoka."

Daktari alinishauri niwe na daftari: maumivu yameanza saa ngapi, nilifanya nini, nililalaje. Nikagundua kwamba siku nikijisikia nafuu nilikuwa nafanya kazi za wiki nzima, kisha nalala siku tatu. Sasa ninazigawa. Napukuchua mahindi kidogo, napumzika, naendelea. Kila jioni natembea polepole. Baridi ya Juni na Julai ikikaza, najikanda kwa maji ya moto. Watoto huchota maji, na mama mkwe, baada ya kuelezwa na mwanawe, huja kunisaidia kufua.

Sijapona. Yako makucha ambayo siwezi kuinuka kitandani. Lakini siumwi tena peke yangu.

Tunamkumbuka yule mwanamke katika Injili ya Marko aliyeteseka miaka 12 na kumaliza mali yake kwa matabibu. Yesu hakumharakisha, alimwacha aeleze habari yake yote mbele ya watu.

Mama mwenzangu, kama katika jumuiya yenu yuko mama anayelalamika kila siku na vipimo havioni kitu, usimpelekee jina la mganga. Mpelekee ndoo ya maji, ukae, umsikilize. Na kama mama huyo ni wewe, mwombe mumeo mwende wote kwa daktari.